Amplifaya ya besi
Amplifaya ya besi ni kifaa cha umeme kinachokuza sauti ya gitaa la besi ili isikike kupitia spika. Nchini Tanzania hutumiwa na bendi za dansi na kwaya za makanisa, kama zile za mkoa wa Njombe.

Uzi mnene wa besi ya nyuzi nne hutetema mara 41 hivi kwa sekunde, hivyo huhitaji wati nyingi kuliko gitaa la solo.

Wengi hutazama wati tu, kumbe omu ndizo huunguza. Maboksi mawili ya omu 8 yakiunganishwa sambamba huwa omu 4. Likiongezwa la tatu, hushuka hadi 2.7 hivi. Amplifaya ya transista iliyoandikwa kikomo cha omu 4 hapo huvuta umeme kupita kiasi na yaweza kuungua katikati ya ibada.