Pikipiki ya theluji: mtoto anajifunza vyombo kwanza, kupanda baadaye

Pikipiki ya theluji ni mashine ya injini inayotembea juu ya theluji bila magurudumu. Mbele ina ski mbili, mfano wa mbao ndefu zilizopindwa ncha. Nyuma inasukumwa na mkanda mpana wa mpira wenye meno, unaozunguka chini ya kiti. Kule Quebec wanaiita motoneige. Familia za Kongo zilizohamia Kanada na majimbo ya kaskazini ya Marekani zinakutana nayo mapema, na mara nyingi anayeipanda wa kwanza si baba, ni mtoto: rafiki wa shule amemwalika siku ya posho, na mzazi anaambiwa kwa simu tu kwamba ile kitu ni kama moto. Si kama moto, na hatari inaanzia hapo.

Kwanza ijulikane kwamba haikutengenezwa kwa mchezo. Joseph-Armand Bombardier, fundi wa kijiji cha Valcourt huko Quebec, alifiwa na mtoto wake mdogo mwaka 1934. Mtoto alihitaji hospitali, lakini barabara zilikuwa zimefungwa na theluji. Mkaaji wa Shabunda au wa Walikale hahitaji kuelezwa zaidi habari ya barabara isiyopitika. Mwaka 1937 Bombardier alipata hati ya ugunduzi wa mfumo wake wa mkanda, akauza magari makubwa ya theluji ya kubeba watu. Ile ndogo ya kupandwa kama moto, Ski-Doo, ilitoka mwaka 1959. Leo kwa Wainuit wa kaskazini kabisa ndiyo chombo cha kuwindia na kusafiria, pahali mbwa walipokuwa wanavuta sleji zamani.

Mtoto wa Goma anajua chukudu yake kabla ya kushuka nayo mtelemko: anajua ile raba ya nyuma inayokanyagwa kwa mguu ndiyo breki, na anajua ikiisha kutakuwa nini. Kwa pikipiki ya theluji ni vilevile, ila vyombo ni vingine na uzito ni mwingine. Mashine ya mtu mzima inapita kilo 200, na nyingi zinaweza kupita kilometa 100 kwa saa. Kwa sababu hiyo viwanda vinatengeneza ndogo za watoto, zenye injini ya sentimeta za ujazo 120 hivi na kasi iliyofungwa. Kumweka mtoto wa miaka minane peke yake juu ya ile ya baba yake ni ujinga, hata kama uwanja ni mpana.

Somo la kwanza linafanyika injini ikiwa imezimwa. Mtoto anakaa, anashika usukani, anaonyeshwa kila kitu kwa mkono. Gazi iko upande wa kuume: ni kiwiko kidogo kinachosukumwa na kidole gumba. Breki iko upande wa kushoto, inavutwa kwa vidole. Vitesi vya kupandisha na kushusha hakuna. Kurua iliyo chini ya kifuniko inajirekebisha yenyewe kadiri injini inavyozunguka. Sasa hapa ndipo watoto wanapoumia. Mtoto akiogopa anakamata usukani kwa nguvu zote, na akikamata hivyo kidole gumba kinasukuma gazi. Kadiri anavyoogopa ndivyo mashine inavyokimbia. Lazima mkono uzoeshwe kuachia gumba kwanza, halafu kuvuta breki, na zoezi hilo lirudiwe mpaka linatoka bila kufikiri.

Vyombo viwili vinamwokoa akisahau. Kuna kitufe cha kuzimia injini, kwa kawaida chekundu, karibu na gumba la kuume. Mtoto anapashwa kukipata hata macho yakiwa yamefungwa. Na kuna kamba fupi: ncha moja kwenye mashine, nyingine imefungwa kwenye koti la mpandaji. Akianguka kamba inachomoka, injini inazimika palepale. Kamba iliyoachwa kuning'inia kwenye usukani haimsaidii mtu yeyote.

Kila asubuhi kabla ya kuwasha, gazi inasukumwa na kuachiwa. Ikichelewa kurudi, labda barafu imeingia kwenye waya, mashine haiwashwi. Breki, taa, esanse na ski vinaangaliwa pia. Mkanda ukizunguka mashine ikiwa imeinuliwa, hakuna mtu wa kusimama nyuma, kwa kuwa unaweza kurusha barafu au misumari yake kama jiwe la manati.

Mavazi nayo si mapambo. Kaske iwe ya saizi ya mtoto, imefungwa kidevuni. Hewa ikiwa nyuzi 20 chini ya sifuri na upepo wa kilometa 50 kwa saa, mwili unasikia kama ni nyuzi 35 chini ya sifuri. Ngozi iliyo wazi inaganda upesi. Pamba ikilowa inashika maji na baridi. Nguo ya ndani iwe ya sufu au ya plastiki nyepesi. Skafu ndefu inayopepea ibaki nyumbani, maana inaweza kukamatwa na mkanda.

Kwa mtu aliyekulia kando ya Kivu au Tanganyika, jambo gumu kuamini ni ziwa linalopandwa. Huko linaganda kweli, lakini si sawa kila pahali. Jimbo la Minnesota linashauri barafu mpya iliyo wazi iwe na sentimeta 13 hadi 18 kabla ya kupitisha pikipiki ya theluji. Ile nyeupe, iliyochanganyika na theluji, ni dhaifu, inahitaji unene wa mara mbili. Mto unapoingia ziwani barafu ni nyembamba. Usiku hatari inazidi, kwa sababu mashine yenye kasi inaweza kufika kwenye tundu kabla taa haijalionyesha. Aliyeanguka majini anageukia upande alikotoka, maana barafu ya huko ilikuwa imembeba, anapiga miguu mpaka alale juu yake, kisha anabingirika bila kusimama.

Sheria zinatofautiana. Minnesota inadai cheti cha masomo ya usalama kwa kila mkaaji aliyezaliwa baada ya 1976, na mtoto anaweza kuanza masomo akiwa na miaka 11. Quebec hairuhusu kuendesha kwenye njia za umma kabla ya miaka 16. Kwa hiyo mzazi anayepigiwa simu kuombwa ruhusa ana haki ya kuuliza maswali mengi: mashine ni ya ukubwa gani, wanapita ziwa gani, mtu mzima gani anaenda nao, na ufunguo unalala kwa nani usiku.