Helikopta nyepesi ya viti viwili

Helikopta nyepesi ya viti viwili ni chombo cha anga kinachobeba rubani na abiria mmoja, na kwa kawaida huendeshwa kwa injini ya pistoni. Hutumika kufundishia marubani, kufanya doria na, huko Australia, kuswaga ng'ombe. Inayojulikana zaidi ni Robinson R22 ya Marekani.

Mhandisi Frank Robinson aliacha kazi katika kampuni ya Hughes na kuanzisha yake huko California mwaka 1973, akitaka helikopta ambayo bei yake mtu binafsi angeimudu. R22 iliruka mara ya kwanza Agosti 1975, ikapata cheti Machi 1979. Kila kitu kilipimwa kwa uzito na gharama: rafadha ina mapanga mawili tu, nguvu ya injini hufika kwenye giaboksi kwa mikanda, na injini yenyewe, Lycoming, ilikuwa imeshazoeleka kwenye ndege ndogo. Katika toleo la Beta, chombo, watu na mafuta kwa pamoja havipaswi kuzidi kilo 622.

Uamuzi wa busara kuliko yote ulihusu injini hiyo. Katika toleo la kwanza ingeweza kutoa nguvu farasi 150, lakini ikabanwa isizidi 124. Hivyo haichoki mapema, na hewa inapokuwa nyepesi rubani bado ana akiba ya kufungulia.

Akiba hiyo ina maana kubwa mahali kama Didia, mkoani Shinyanga, ambako ardhi yenyewe iko zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari. Mchana wa nyuzi 30, hewa ya hapo huwa nyepesi kama ile ya karibu mita 2,000. Injini itajitahidi, ila mapanga nayo hupata hewa haba ya kusukuma. Watu wawili wanene na tangi lililojaa watatosha kuizuia isielee juu ya miti. Heri kuruka alfajiri.

Wepesi una gharama yake. Injini ikizimika, mapanga hupoteza kasi upesi mno, na rubani ana kama sekunde moja tu ya kupunguza pembe ya mapanga ili upepo unaotoka chini uendelee kuyazungusha. Akichelewa, hayafufuki. Kufuatia ajali kadhaa, mwaka 1995 Marekani iliweka masharti maalumu ya mafunzo kwa marubani wa R22 na ndugu yake R44 ya viti vinne.

Nchini Tanzania, Chuo cha Ufundi Arusha kilijitokeza miaka ya 2010 na mradi wa kuunda helikopta ya watu wawili, ukiongozwa na mhandisi Abdi Mjema. Fremu na viti havimshindi fundi hodari wa kuchomelea. Kazi ngumu ni mapanga yanayolingana uzito, giaboksi isiyopasuka, na saa nyingi za majaribio ardhini kabla Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania haijaruhusu chombo kupaa.