Ng'ombe wa Mahari na Hifadhi ya Vijana katika Nchi ya Wakuria

Atakaye kuifahamu asili ya balaa la vijana wa Kikuria wa Tarime na Serengeti, mkoani Mara, kutumiwa katika wizi wa mifugo, hana budi kuingia kwanza katika boma la Mkuria, mahali ambapo kwa kaida ya tangu zama za kale kila mke ana nyumba yake, na kila nyumba ina wana wake, na ng'ombe wapokewao kuwa mahari ya binti ndio hao hao watazamiwao kumwolea mke ndugu yake wa tumbo moja. Basi mwana aliyejaaliwa dada wengi hungoja zamu yake kwa utulivu, ilhali yule ambaye nyumba ya mama yake ina wavulana watupu huiona miaka ikipita na wenzake wa rika moja wakioa, naye hana mke wala hadhi ya mtu mzima.

Zamani kuteka ng'ombe wa maadui kulikuwa fakhari ya vijana, na mifugo iliyotekwa iliingia zizini, ikaoa wake na kulisha wageni. Lakini mataifa ya Ulaya yalipopiga mstari wao kwa mapatano ya mwaka 1886, na nchi ya Wakuria ikagawanyika baina ya Wadachi na Waingereza, mstari ule baadaye ulifungua biashara ya namna nyingine, kwani ng'ombe aliyeibwa upande mmoja aliweza kuuzwa upande wa pili kwa fedha taslimu. Polepole mavamizi yaliyoelekezwa kwa mataifa jirani yakageukia hata koo za Wakuria wenyewe. Na baada ya vita vya Uganda vya mwaka 1978 na 1979, ambavyo Wakuria wengi walivipigana katika jeshi la Tanzania, bunduki zikaingia mahali pa mishale, na mauti yakawa mepesi.

Michael Fleisher, mtaalamu wa Kimarekani aliyeishi Tarime katika miaka ya tisini na kutoa kitabu chake juu ya mavamizi hayo mwaka 2000, aliuona uhusiano baina ya wizi na hesabu ya watoto nyumbani: waliopungukiwa na dada ndio waliovutwa zaidi kwenda kutafuta kwa nguvu ng'ombe wasiowapata kwa mahari. Kijana wa namna hiyo hahitaji kushurutishwa na mtu. Anayejua njia za mpakani na wanunuzi wake humwahidi tu kile ambacho nyumba yake imeshindwa kumpa, na ng'ombe akifika salama, aghalabu wa nyumbani hawaulizi ametoka wapi.

Dhidi ya hayo Wakuria walikuwa na mabaraza yao: ritongo, mkutano wa wanaume wote wa mahali, na inchama, wazee wachache wenye dhamana ya mila na siri za ukoo. Sungusungu, walinzi wa vijijini walioanza kwa Wasukuma na Wanyamwezi mwanzoni mwa miaka ya themanini walipofika Mara walipandikizwa juu ya ritongo hiyo, na mwaka 1989 sheria ikawapa idhini. Mwizi alikamatwa, akahojiwa, akatozwa faini. Lakini haja iliyomtoa nyumbani usiku ilibaki pale pale, kwa kuwa adhabu ilimshika kijana na kuiacha nyumba ilivyo.

Upungufu huo si wa Mara peke yake. Huko Utah, Marekani, mwanzoni mwa miaka ya sabini, James Alexander na wenzake waliasisi tiba ya familia kwa vijana waliokwisha kuvunja sheria, wakikataa kuzungumza na kijana peke yake, na wakitaka kwanza lawama zipungue baina ya mzazi na mwana, kisha ijulikane tendo baya linamtimizia nani haja gani.

Aliyeishi Tarime hataona ugeni katika kanuni hiyo, kwa sababu mfano wake uko karibu. Binti naye hudaiwa ng'ombe wale wale: hukeketwa, aghalabu mwezi wa Desemba, ili aozwe mapema na kwa mahari kubwa, ijapokuwa sheria ya mwaka 1998 imekataza kumkeketa mtoto. Mabinti wanaokimbilia kituo cha Masanga wilayani Tarime, au Nyumba Salama ya Mugumu iliyofunguliwa na Rhobi Samwelly mwaka 2014, hawaachwi huko bila habari kwa wazazi wao. Msimu wa kukeketa ukiisha, wazazi huitwa, hupewa nasaha mbele ya watumishi wa serikali, hutia sahihi ahadi ya kutomkeketa mtoto, na mzazi akikataa binti harudishwi.

Baraza la namna hiyo mwana wa kiume naye analistahili, na kabla hajakamatwa. Baba na wajomba wakae naye, waseme waziwazi ni ng'ombe wangapi wanatazamiwa na lini, mahari ipunguzwe kwa makubaliano ya koo, na ng'ombe wa usiku akataliwe zizini hata akiwa wa kumwolea mke mwana mpendwa. Madhali ng'ombe mmoja ndiye amfungaye kaka na dada, kumwokoa dada bila kuzungumza na kaka ni kuliacha deni lile lile litafute njia nyingine ya kulipwa.