Usugu wa dawa: Hatari inayowanyemelea wazee nyumbani

MZEE anapougua Nakuru, Njoro au Molo, wauguzi wake wa kwanza huwa ni wanawe na wajukuu. Makao ya kuwatunzia wakongwe, ambayo ni mengi Ulaya na Marekani, ni machache sana nchini Kenya. Kwa sababu hiyo, tatizo ambalo wataalamu wa ng'ambo hulichunguza katika makao hayo, yaani bakteria wasiosikia dawa, katika Bonde la Ufa halina budi kutazamwa chumbani mwa mzee.

Antibiotiki, au viuavijasumu, ni dawa za kuua bakteria au kuwazuia kuongezeka. Hazitibu mafua wala maradhi mengine ya virusi. Kila zinapotumiwa, bakteria dhaifu hufa na wachache walio sugu husalia, wakazaana. Baadhi yao hutoa kimeng'enya kinachoharibu dawa, na wanaweza kuwapitishia bakteria wengine uwezo huo. Alexander Fleming, aliyegundua penisilini mwaka 1928, alionya kuhusu jambo hilo alipotunukiwa Nobel mwaka 1945.

Kwa nini wazee?

Kinga ya mwili hupungua kadiri umri unavyosonga. Aidha, wazee wengi wana kisukari, tezi dume iliyovimba au vidonda vya kulala kitandani, na hulazwa hospitalini mara kwa mara. Mpira wa mkojo unaokaa muda mrefu huwapa bakteria njia ya kuingia kibofuni. Mgonjwa anaweza pia kutoka wodini akiwa na bakteria sugu tumboni au kwenye ngozi, bila dalili yoyote.

Dawa ya vidonge ikishindwa, mara nyingi inayofuata ni ya sindano, ghali zaidi, na mgonjwa hulazimika kulazwa. Wapo bakteria ambao hata hiyo haiwawezi.

Utafiti uliochapishwa katika jarida la Lancet ulikadiria kuwa usugu huo uliua moja kwa moja watu milioni 1.27 duniani mwaka 2019. Mwingine wa mwaka 2024 ulionyesha kuwa kati ya 1990 na 2021, vifo hivyo vilipungua kwa zaidi ya nusu miongoni mwa watoto wa chini ya miaka mitano, lakini vikaongezeka kwa zaidi ya asilimia 80 kwa watu wa miaka 70 na zaidi.

Zizini na dukani

Eneo la Nakuru ni la wafugaji wa ng'ombe wa maziwa, na ng'ombe mwenye ugonjwa wa kiwele hutibiwa kwa dawa za jamii moja na zile za binadamu. Mwaka 2004, utafiti uliohusisha Chuo Kikuu cha Egerton, Njoro, ulieleza kupatikana kwa bakteria aina ya Staphylococcus aureus, sugu kwa dawa kadhaa, katika maziwa ya wafugaji wakubwa na wadogo. Kuchemsha maziwa huua bakteria, lakini hakuondoi mabaki yote ya dawa. Ndiyo maana maziwa ya ng'ombe aliyetibiwa hayapaswi kunywewa wala kuuzwa hadi siku zilizoagizwa zipite.

Kwa binadamu, antibiotiki zinapaswa kuuzwa kwa cheti cha daktari, ila wengi huzinunua bila cheti, tena vidonge vichache kulingana na pesa walizo nazo. Serikali ilitoa mpango wa kwanza wa kitaifa wa kukabili usugu mwaka 2017, ukihusisha afya ya binadamu na mifugo. Wa pili ni wa 2023 hadi 2027.

La kufanya nyumbani

Anayemuuguza mzee anawe mikono kwa sabuni kabla na baada ya kugusa kidonda au mpira wa mkojo. Amgeuze kitandani mara kwa mara, na amuulize daktari iwapo mpira bado unahitajika.

Bakteria kuonekana kwenye mkojo wa mzee asiye na homa wala maumivu mara nyingi si ugonjwa wa kutibiwa. Akipata homa, maumivu au kuchanganyikiwa ghafla, apelekwe hospitalini upesi, na jamaa waulize kama mkojo unaweza kuoteshwa maabarani ili ijulikane dawa ifaayo. Akiandikiwa dawa, aimeze kama alivyoagizwa. Vidonge vya jirani, au vilivyobaki mwaka jana, asipewe.