Chuo cha mapadri pale Kinshasa

Kuna dogo mmoja, mtoto wa mama mdogo, kapata nafasi katika chuo kikuu cha Wakatoliki mjini, na kwao sasa hakukaliki. Mama anataka, baba hataki. Baba anasema ada ni kubwa na kwamba mapadri watamfundisha kusali, siyo kazi. Dogo kanipigia: "Shikamoo kaka, wewe mwandishi, unaonaje?" Nikamwambia anipe wiki moja. Swali la namna hii siliwezi bila kurudi nyuma kwanza, ndio ugonjwa wangu. Nikarudi hadi Lovanium.

Kama jina ni geni kwako usijali. Lovanium ndicho leo Chuo Kikuu cha Kinshasa, kule juu kwenye kilima cha Mont Amba. Kilianza mwaka 1954, mji ukiitwa bado Léopoldville, na waliokianzisha ni Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Louvain, Ubelgiji. Lovanium ni hiyo hiyo Louvain kwa Kilatini. Yaani hata jina lilikuja na meli.

Sasa ili uone uzito wa jambo lenyewe, angalia Kongo ya wakati ule. Wabelgiji waliruhusu shule za msingi nyingi, karibu zote mikononi mwa wamisionari, halafu hapo juu wakafunga mlango. Mkongo aliyetaka kusoma sana alikuwa na njia moja pana: seminari. Stefano Kaoze alipata upadri mwaka 1917, kule upande wa Ziwa Tanganyika. Miaka ya 1950 Kongo ilikuwa na mapadri weusi kwa mamia, lakini mwanasheria Mkongo hakuna, daktari hakuna, injinia hakuna. Kasavubu, rais wa kwanza, alipitia seminari. Lumumba alikuwa karani wa posta.

Mwaka 1955 Mbelgiji mmoja, Van Bilsen, aliandika mpango wa miaka 30 wa kuifikisha Kongo kwenye uhuru. Wenzake wengi waliona ana haraka mno! Uhuru ukaja baada ya miaka mitano. Siku hiyo, 30 Juni 1960, Wakongo wenye shahada ya chuo kikuu hawakufika hata 30 nchi nzima.

Kwa hiyo baba wa dogo angekuwepo angekuwa na hoja nzito. Chuo kilichelewa, kilikuwa kidogo, na kilikula fedha. Mkuu wake wa kwanza, Monsinyori Luc Gillon, alikuwa padri na tena mwanafizikia, na mwaka 1959 kilimani pale kikaanza kufanya kazi kinu cha nyuklia, cha kwanza katika Afrika nzima. Fikiria. Nchi haina mwanasheria hata mmoja, ina kinu cha nyuklia. (Ingawa ukikumbuka kwamba urani ya bomu la Hiroshima ilitoka kwa wingi Shinkolobwe, huko huko Kongo, unaweza kusema angalau kitu kidogo kilirudi nyumbani.)

Lakini kuna upande ambao ada haiupimi. Katika mji uliogawanywa mitaa ya wazungu na mitaa ya weusi, Lovanium iliwaweka darasa moja tangu mwanzo. Na Januari 1960 kukatokea jambo ambalo mimi nalipenda kuliko kinu. Mwanafunzi wa teolojia, Tharcisse Tshibangu, alisimama hadharani kubishana na mkuu wa kitivo chake, Mbelgiji Alfred Vanneste. Kijana anasema inawezekana kuwa na teolojia ya Kiafrika, mzee anasema teolojia ni moja kwa dunia yote. Hoja zao zikachapishwa. Ukoloni bado haujaondoka, na mwanafunzi mweusi anambishia bosi wake mzungu kwa hoja, tena juu ya Mungu! Kijana huyo baadaye akawa mkuu wa chuo chenyewe.

Mwaka 1961 Étienne Tshisekedi akamaliza sheria hapo hapo. Ndiye huyo aliyekuja kumsumbua Mobutu kwa miaka mingi, baba wa Félix, rais aliyeapishwa 2019. Mudimbe naye, yule mwanafalsafa, alipita kilima hicho.

Mapadri hawakukusudia kulea wabishi. Mwaka 1964 wanafunzi waliwagomea wao wenyewe, wakitaka sauti katika uendeshaji wa chuo na wahadhiri Waafrika zaidi. Kisha ikaja zamu ya serikali. Tarehe 4 Juni 1969 walishuka mjini wakidai bumu liongezwe na wasikilizwe. Askari wakafyatua risasi. Serikali ilikiri vifo vichache sana, wengine wamehesabu makumi.

Miaka miwili baadaye, Juni 1971, wanafunzi walipowakumbuka wenzao, Mobutu alikifunga chuo na kuwapeleka jeshini. Hapa kuna kisa cha ajabu. Mobutu mwenyewe alipokuwa mtukutu katika shule ya mapadri, adhabu aliyopewa, mwaka 1950, ilikuwa ni kupelekwa jeshi la kikoloni, Force Publique. Adhabu aliyofunzwa na mapadri ndiyo aliyowarudishia wanafunzi wa mapadri. Agosti ile ile Lovanium ikataifishwa, ikaunganishwa na chuo cha Waprotestanti cha Kisangani na kile cha serikali cha Lubumbashi kuwa chuo kimoja cha taifa. Mwaka 1981 wakavitenganisha tena.

Tusijisifu sana sisi. Oktoba 1966 wanafunzi wa Dar waliandamana kupinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa, na Mwalimu akawafukuza kwa mamia, wakarudi makwao. Tofauti ni kwamba hawakupigwa risasi. Na chuo chao kilikuwa cha umma. Kwa hiyo simwambii mtu kwamba ubishi ni mali ya Wakatoliki.

Ninachoona mimi ni hiki: Lovanium ilifaa, lakini si kwa ile faida waliyoitangaza waanzilishi. Ilifaa kwa sababu kwa miaka 17 palikuwepo mahali ndani ya mji mkuu ambapo mishahara na funguo hazikuwa zote mfukoni mwa mtawala. Vijana waliitumia nafasi hiyo wapendavyo, na wengine waliilipia kwa damu.

Sisi waandishi tuna deni letu pia. Nyegezi, Mwanza, ilianzishwa na maaskofu mwaka 1960 kama chuo cha mafunzo ya jamii, na 1998 ikawa Chuo Kikuu cha Mtakatifu Agustino. Ingia chumba chochote cha habari nchini, hukosi aliyepita pale, na si wote wanaosali.

Dogo alipopiga tena Jumamosi nilimuuliza maswali mawili. Je, chuo hicho kina serikali ya wanafunzi inayochaguliwa kweli? Na mhadhiri wa pale akibishiwa hufanyaje? Hakujua. Kasema atawauliza wa mwaka wa pili. Kuhusu ada, nimemwambia baba yake halalamiki bure, na kwamba muhula wa kwanza nitachangia.