Walimu wa Nabugoye: Masomo ya Ng'ambo Yaliyoanza na Biblia ya Kiluganda

KAKAMEGA – Hadi Machi 1902, mtu wa Kakamega alihesabiwa upande wa Uganda. Mumias, kwa Nabongo Mumia, ndiko misafara ilikopumzika kabla ya kushika njia ya Buganda, na nchi yote hii iliitwa Mkoa wa Mashariki wa Uganda. Tarehe 1 Aprili Waingereza wakasogeza mpaka kwa kalamu, nasi tukaamka tuko upande wa pili. Miaka hiyohiyo, nyuma ya Mlima Elgon, jemadari Mganda aitwaye Semei Kakungulu alikuwa akijijengea makao Mbale. Kwa hiyo habari za Wayahudi wa Mbale, yaani Abayudaya, ambazo wengi wetu huzichukua kama kioja cha mbali, ni habari za jirani.

Kakungulu aliwapigania Waingereza akitarajia kupewa ufalme. Hakupewa. Alibaki na mashamba, wafuasi, kinyongo, na Biblia ya Kiluganda iliyokamilika kuchapishwa mwaka 1896. Kwanza alijiunga na Wamalaki, dhehebu lililokataa dawa za hospitali. Baadaye, akizidi kusoma vitabu vya Musa, akauliza kwa nini Wakristo hawafuati agizo la tohara. Inasimuliwa kwamba wenzake walimwambia hayo ni mambo ya Wayahudi; naye akawajibu kuwa basi yeye ni Myahudi. Mwaka 1919 akatahiriwa, pamoja na wanawe.

Msomaji wa huku asilipite jambo hilo haraka. Wabukusu, Watiriki na Wagisu wa Mbale hutahiri, na kijana asiyepita kisuni hahesabiwi mtu mzima. Kwa desturi Baganda hawatahiri. Mzee wa karibu miaka 50, tena mkuu wa watu, kukubali kisu ugenini kwa sababu ya aya aliyoisoma, hilo lilikuwa tangazo zito kuliko hotuba yoyote.

Hata hivyo alikuwa hajawahi kufundishwa na Myahudi yeyote. Mwaka 1920 akatokea mgeni anayekumbukwa kwa jina la Yosef tu, akakaa naye kama miezi sita. Ndiye aliyewaonyesha namna ya kuchinja, kalenda ya sikukuu, na nini cha kuondoa katika ibada yao iliyokuwa bado na masalio ya Ukristo. Alimhimiza Kakungulu afungue shule ili yale aliyoyafundisha yasiondoke naye. Mwaka 1922 Kakungulu akatoa kitabu cha sala na maelekezo kwa Kiluganda, kurasa kama 90. Alifariki mwaka 1928, na jumuiya ikabaki na kitabu hicho na kumbukumbu za mgeni wa miezi sita.

Wageni wengine walikuja mmojammoja. Mwaka 1962 Arye Oded, Mwisraeli aliyekuwa akisoma Makerere, alifika na baadaye akaandika historia yao. Kisha likaja giza la Idi Amin. Aliwafukuza Waisraeli mwaka 1972, na dini ya Kiyahudi ikapigwa marufuku. Watu waliokuwa kama 3,000 wakapungua hadi mamia machache. Gershom Sizomu amekuwa akisimulia jinsi baba yake alivyokamatwa kwa kosa la kujenga kibanda cha Sikukuu ya Vibanda, akakombolewa kwa mbuzi watano.

Waliofufua mambo walikuwa vijana. Miaka ya 1980, Sizomu na kaka yake JJ Keki walikuwa miongoni mwa kikundi kilichopanda kilima cha Nabugoye, kilichokuwa cha Kakungulu, wakaishi huko pamoja, wakilima na kujifundisha Kiebrania. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 walitembelewa na wanafunzi wa chuo, Wayahudi wa Marekani waliokuwa wamekuja kusoma Kenya. Wageni hao walirudi kwao na habari, na barua zikaanza kumiminika. Mwaka 2002 marabi kutoka ng'ambo wakaja kuwaingiza rasmi katika dini ya Kiyahudi watu wapatao 400.

Mwaka 2003 Sizomu alipata ufadhili wa shirika la Be'chol Lashon, akaenda Los Angeles na familia yake kusomea urabi. Kwao alikuwa tayari ndiye mwalimu: anaongoza sala, anatunga nyimbo, anazika. Darasani akawa mwanafunzi wa kawaida mbele ya Talmudi. Sehemu ya masomo ilimpeleka Jerusalem. Alitawazwa rabi mwaka 2008, na mwaka huohuo akarudi Nabugoye. Sisi tunaozijua ndege za Tom Mboya za kuanzia 1959, zilizopeleka vijana kusoma Marekani, tunafahamu kuwa kurudi si jambo la kuchukuliwa kirahisi, hasa kwa mtu mwenye cheti ambacho miji mikubwa ingekilipia vizuri.

Aliporudi alifungua chuo cha kufundisha viongozi wa ibada. Shule ya msingi ya Hadassah na sekondari ya Semei Kakungulu zinachukua watoto wa Kiislamu na Kikristo pia. Mwaka 2016 akachaguliwa mbunge wa Bungokho Kaskazini, na wapiga kura wengi hawakuwa wa dini yake. Mimi nadhani shule zilimfanyia kampeni kabla hajaomba kura.

Masomo ya ng'ambo yalileta pia mgawanyiko. Nabugoye walifuata mkondo wa marabi waliowapokea, ambako mwanamke husoma Torati mbele ya watu. Kijiji cha Putti kilichagua Uothodoksi wa Kiyahudi, na kiongozi wake akaenda kusoma katika makazi ya Waisraeli ya Efrat. Kila upande una walimu wake sasa, na kila upande unamtaja Kakungulu.

Wala mlango haujawa wazi kwa wote. Desemba 2017 kijana Myahudi kutoka Kenya, aliyekuwa na viza ya kwenda kusoma Torati Jerusalem, alizuiwa uwanja wa ndege wa Ben Gurion na kurudishwa. Alitoka Kasuku, Nyandarua, jumuiya ndogo iliyoingizwa rasmi kwa msaada wa Abayudaya, na ambayo baadhi ya vijana wake walikuwa tayari wamesoma Mbale. Safari ya Mbale haihitaji ubalozi: basi hadi Eldoret, Webuye, foleni ya malori ya Malaba, Tororo, kisha kilima.