Kupandwa na Kuongozwa: Habari za Roho katika Uamsho wa Afrika ya Mashariki

Katika masomo ya wakatekumeni ni machache yamtatizayo mwalimu kama hili la kuishi kwa kuongozwa na Roho. Habari za Kuumbwa, za Msalaba na za Kufufuka zina visa vyake, na kisa husimulika. Lakini mwanafunzi akiuliza, "Nitajuaje kuwa ni Roho aniongozaye, wala si tamaa yangu?" kisa kimoja hakimtoshi. Nia ya maandiko haya ni kulitafutia swali hilo jibu kwa njia mbili: kwanza kwa kuyatazama maneno yenyewe ya lugha yetu, kisha kwa kufuata habari za Uamsho uliotoka Gahini katika nchi ya Rwanda. Huko watu wengi walisema kwamba waongozwa na Roho, na miaka iliyopita tangu hapo yatosha kuyapima maneno yao.

Neno "roho" tulilipata kwa Waarabu, nalo katika Kiswahili lina maana nyingi. Ni uhai, kwa kuwa afaye hukata roho. Ni tabia, ndipo tukasema fulani ana roho nzuri au roho mbaya. Ni koo pia, maana akabwaye hukabwa roho. Tena ni ulafi: asemwaye "ana roho" bila neno la kufuata, huyo ni mtu asiyeshiba. Neno hili halikuja kanisani likiwa tupu. Lilikuja na mizigo yake, na mwalimu asiyeijua mizigo hiyo atashangaa kwa nini wanafunzi wamsikia vingine.

Lugha za jirani zilifuata njia zao. Waganda husema Omwoyo Omutukuvu, na "omwoyo" wao ni ndugu wa "moyo" wetu. Waprotestanti wa Rwanda husema Umwuka Wera, na "umwuka" ni pumzi. Bali Wakatoliki wa nchi hiyo hiyo walichukua neno la Kiswahili, wakasema Roho Mutagatifu. Wakikuyu nao walichukua "Roho". Kiswahili kilikuwa na neno jingine lililo karibu zaidi na Kiebrania na Kiyunani, maana katika lugha hizo mbili neno la roho ndilo neno la upepo. "Pepo" na "upepo" ni shina moja. Lakini neno hilo lilikuwa limekwisha kushikwa na wenyewe, nao ni waganga.

Katika pwani, mtu akishikwa na ugonjwa usiojulikana, huenda akapelekwa kwa mganga wa pepo. Hufukizwa ubani, ngoma hupigwa, hata pepo akampanda kichwani. Hapo mgonjwa huitwa kiti, kwa sababu pepo amemkalia. Mganga humwuliza pepo jina lake na haja yake, naye hujibu kwa kinywa cha mgonjwa, na mara nyingi kwa sauti isiyo yake. Haja zenyewe zajulikana: nguo ya rangi fulani, pete, manukato, mbuzi wa kuchinjwa. Akiisha kupewa hutulia, na mgonjwa huamka asijue alilosema wala alilotenda. Katika desturi hii mna mambo mawili ya kuangaliwa. La kwanza, aliyepandwa haulizwi juu ya matendo yake, maana hakuwa yeye. La pili, pepo hutaka kupewa.

Sasa tuliangalie neno "kuongozwa". Latoka katika shina moja na kuongoa, kuongoka na uongofu. Kuongoa ni kutengeneza kilichopotoka na kukiweka katika njia. Kwa hiyo mwenye kuongozwa si kiti, ni msafiri. Miguu ni yake, macho ni yake, na akijikwaa huulizwa. Mtume Paulo aliwafundisha Wakorintho kwamba roho za manabii huwatii manabii wenyewe, tena kwamba yote yafanyike kwa utaratibu. Hata sarufi yetu yashuhudia tofauti. Twasema "roho yangu imetulia", kama kitu. Bali twasema "Roho wa Mungu ametuongoza", kama nafsi iliyo hai. Mwanafunzi achanganyaye upatanisho huu hakukosa sarufi tu: amemfanya Roho kuwa nguvu ya kutumiwa, kama dawa.

Basi tuje Gahini. Misheni ya Rwanda, tawi la C.M.S., ilijenga hospitali huko, kando ya ziwa Muhazi, na mwaka 1928 alifika daktari Mwingereza, Joe Church. Njaa kubwa iliikumba nchi wakati ule ule. Mwaka 1929 daktari huyo, akiwa amechoka mwili na roho, alikwenda Kampala, na katika kilima cha Namirembe akakutana na Mganda, Simeoni Nsibambi, aliyekuwa mtumishi wa serikali katika kazi za afya. Wawili hao waliketi pamoja wakayafuata katika Biblia yote yaliyoandikwa juu ya Roho Mtakatifu. Ni jambo la kukumbukwa kwamba Uamsho haukuanza kwa kelele: ulianza kwa watu wawili wa rangi mbalimbali kusoma kitabu kimoja, bila mmoja kuwa bwana wa mwenziwe, katika siku ambazo jambo hilo lilikuwa nadra.

Blasio Kigozi, ndugu mdogo wa Nsibambi, alikwenda Gahini kuwa mwalimu, kisha akawa shemasi. Yeye alihuzunika sana kwa ubaridi wa Kanisa, na kwa walevi kuikaribia Meza ya Bwana bila kuulizwa. Alitayarisha maneno ya kusema mbele ya Sinodi ya Uganda, lakini homa ilimwua mwezi wa Januari 1936 kabla ya kuyasema. Kufa kwake kuliwasha kuliko kuishi kwake. Neno lake la Kiganda, "Zukuka", yaani amka, lilienea, na katika miaka iliyofuata vikundi vya wahubiri vilitoka kwenda Kenya na Tanganyika. Kabete walifika mwaka 1937, na Katoke katika nchi ya Buhaya mwaka 1939. Ndipo Kiswahili kilipoazima kwa Waganda maneno "mlokole" na "kulokoka", na wimbo wa Tukutendereza ukaimbwa na watu wasiojua Kiganda.

Katika siku zile watu wengine walilia kwa sauti, wengine walitetemeka na kuanguka, wengine waliota ndoto. Wenye kuona walisema, "Wamepandwa." Wala neno hilo halikuwa la matusi tu, maana kwa macho tofauti ilikuwa ndogo. Kilichotofautisha kilionekana siku ya pili. Aliyelia usiku alionekana asubuhi akirudisha mali ya mtu: fedha alizoiba, vitu vya hospitali alivyoficha, ng'ombe asiyekuwa wake. Mume alimwomba mkewe radhi mbele za watu. Mzungu alikiri mbele ya Mwafrika kwamba alimdharau, na Mwafrika alikiri kwamba alimchukia. Pepo huja na orodha ya vitu apewe. Roho alikuja na orodha ya vitu virudishwe. Kwa maoni yangu hilo ndilo jibu bora la swali la mwanafunzi wetu, tena laweza kufahamika na mtu yeyote aliyepata kuisikia ngoma ya pepo.

Lakini mambo hayakuwa mepesi. Mwaka 1941, katika Chuo cha Askofu Tucker kilichokuwa Mukono, wanafunzi walokole waliamka alfajiri kusali na kuhubiri, wakawakemea wenzao na walimu kwa dhambi na kwa mafundisho waliyoyaona kuwa legevu. Mkuu wa chuo akaweka amri za kuwazuia. Wao walisema kwamba hawawezi kunyamaza ikiwa Roho awaambia waseme, na wanafunzi 26 wakafukuzwa, pamoja na kiongozi wao William Nagenda. Nani aliongozwa hapo? Wako waliosema kwamba asiyetii wakubwa hawezi kuwa na Roho. Wako waliosema kwamba mkuu alimzimisha Roho. Mimi nadhani hukumu haiwezi kutolewa kwa siku ile peke yake. Waliofukuzwa walikosa shahada na kazi ya ukasisi waliyoitazamia, na bado hawakujenga kanisa la kushindana na lililowatoa. Waliendelea kuketi ndani yake na kuhubiri ndani yake. Kwa upande wa pili, yafaa kukiri kwamba wengine miongoni mwao walikuwa wakali, wakawahesabu wasiosema kama wao kuwa si Wakristo. Ukali huo nao wahitaji kuongolewa.

Jaribu kubwa zaidi lilikuja Kenya baada ya hali ya hatari kutangazwa mwezi wa Oktoba 1952. Ndugu wengi wa Uamsho katika nchi ya Wakikuyu walikataa kula kiapo cha Mau Mau, na wengi wao walikataa pia kushika silaha za serikali. Pande zote mbili ziliwashuku, na baadhi yao waliuawa. Huko Rwanda, mwezi wa Januari 1964, mchungaji Yona Kanamuzeyi wa Nyamata, aliyekuwa akiwahudumia watu waliofukuzwa makwao, alichukuliwa na askari akauawa. Na Uganda, Askofu Mkuu Janani Luwum, aliyeokoka katika Uamsho mwaka 1948, aliuawa tarehe 16 Februari 1977, siku chache baada ya maaskofu kumwandikia Idi Amin barua ya kumlaumu. Watu hawa hawakupandwa. Walijua waendako, nao walikwenda.

Hata hivyo historia haituruhusu kumalizia hapo. Mwezi wa Aprili 1994, katika Nyamata hiyo hiyo, maelfu ya watu waliokimbilia kanisa la Wakatoliki waliuawa ndani yake. Katika nchi nzima waliobatizwa waliwaua waliobatizwa, na viongozi wa makanisa, Waanglikana nao wakiwamo, wengi walinyamaza, na wengine wakashiriki. Nchi iliyoona Gahini ndiyo iliyoona hayo. Itakuwaje? Yamkini sababu moja ni hii: ungamo lilikuwa limekwisha kuwa desturi. Watu walizoea kuungama pombe, uzinzi na hasira ya nyumbani, na hayo ni kweli kuwa dhambi. Lakini chuki ya kabila kwa kabila haikuletwa nuruni kama hizo nyingine. Lililorudishwa lilikuwa dogo, na kubwa likabaki. Mtu aweza kuyashika maneno yote ya Uamsho, na nyimbo zake, na machozi yake, asiongozwe po pote.

Kwa hiyo nawashauri walimu wenzangu mambo matatu katika kulifundisha somo hili. Kwanza, tusiwe na haya ya kulitaja pepo na desturi zake darasani, maana wanafunzi watalinganisha hata tusipowaonyesha. Pili, tulishike neno kuongozwa kwa maana yake yote, tukiwaonyesha ndugu zake kuongoa na kuongoka, ili mtu asiseme "Roho alinituma" kwa kukwepa kuulizwa. Tatu, mwanafunzi akija na habari ya ndoto au ya sauti aliyoisikia, tusimcheke wala tusimsifu upesi. Tumwulize kwanza ni nani aliyemkosea, na ni kitu gani cha mtu kilichomo nyumbani mwake. Na ikiwa yuko jirani wa kabila jingine asiyeweza kula naye, tuanze na huyo.